Nahodha na Beseni la Funguo

Chanika, Handeni
7 Oktoba 2024

Baba Rosa,

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hatuelewani. Nikipandisha sauti kidogo unasema mtandao unasumbua, na mara simu imekatika. Karatasi haina mtandao, kwa hiyo utanisikiliza mpaka mwisho.

Jana mwanao alikaa mlangoni na gauni lake la kanisani mpaka likachafuka. Uliahidi kuja. Jioni ndipo ukapiga kusema umechoka, umekesha ukiwarudisha wachezaji wenzako majumbani kwao. Jumapili iliyopita neno lilikuwa hilo hilo. Rosa akaniuliza, "Mama, baba ni golikipa au ni dereva?"

Hebu nieleze wewe. Watu wazima wenye mishahara na leseni zao wanakwenda kunywa kwa miguu yao, halafu mume wangu, ambaye hata togwa ikichachuka haigusi, ndiye anayewabeba mmoja mmoja kama magunia. Wake zao wanalala na waume zao. Mimi nalala na cherehani.

Na huyo mshambuliaji wenu Awadhi, aliyenunua gari kabla hajanunua kitanda, mteja wangu mmoja alimwona akikatisha sokoni Manundu huko Korogwe, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine umeshika chupa. Kama kuwabeba ndiyo dawa yenu ya ulevi, mgonjwa hajaimeza.

Rosa anakusalimu. Mimi nitakusalimu ukija.

Yusta


Korogwe
10 Oktoba 2024

Mama Rosa,

Barua nimeipata na nimeisoma yote, mara mbili. Una haki ya kukasirika. Ila nisikilize na mimi.

Unamkumbuka Castory, beki wetu. Msimu uliopita alitoka baa na pikipiki akaingia mtaroni, na mguu wake ukakatwa. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Baada ya pale mwenyekiti, Mzee Semboja, aliniita akaniambia, "Yordani, wewe ni nahodha na hunywi. Tafuta dawa kabla sijazika mchezaji." Mimi ningemjibu nini? Nikanunua beseni. Mechi ikiisha, kila mwenye mpango wa kunywa anaweka humo funguo za gari au pikipiki yake, na mimi nawarudisha na gari la timu, ile Noah. Asubuhi wanafuata funguo zao. Ni jambo dogo, lakini tangu tuanze hakuna aliyeanguka.

Hata picha yangu wameichora kwenye bango pale uwanjani, chini yake wameandika: UMEKUNYWA? ACHA FUNGUO. Mchoraji amenipa pua ya mtu mwingine kabisa. Rosa akiiona atacheka.

Huyo Awadhi nakubali ananimaliza. Anaweka funguo kwenye beseni mbele za watu, halafu baada ya muda anakuja kunibembeleza: "Kapteni, mimi nikipata mbili ndio naiona barabara vizuri." Nikimnyima ananuna kama mtoto. Na kweli ni mtoto, ana miaka ishirini na miwili, baba yake amefariki, mama yake analima milimani Dindira. Ndiye anayeongoza kwa mabao, na kuna timu kubwa ya Dar imeanza kumfuatilia. Nikimwacha ajiharibie nitakuwa nimemwangusha.

Jumamosi ya tarehe kumi na tisa tunacheza mapema. Mechi ikiisha nakuja, kwa gari lolote nitakalolipata. Mwambie Rosa safari hii ni kweli.

Mumeo,
Yordani


Chanika, Handeni
23 Oktoba 2024

Baba Rosa,

Ulipokuwa hapa nyumba ilijaa watu wa kutupa pole, hatukupata nafasi ya kuzungumza. Sasa umerudi Korogwe, na mimi nimekaa na haya mambo peke yangu mpaka yamenichosha.

Ulinieleza hivi, na polisi nao ndivyo walivyoandika. Awadhi alikuwa anakuja harusini huku Handeni akiwa amekunywa, ukamnyang'anya usukani, ukawa unaendesha wewe. Mlipofika Misima, jua linazama, mkamgonga mama aliyekuwa anatoka shamba na jembe lake. Trafiki walikupima pumzi, kifaa hakikuonyesha kitu. Ukaandika maelezo, ukaachiwa kwa dhamana. Nami nikamshukuru Mungu kwamba angalau aliyeshika usukani hakuwa mlevi.

Jana nilikwenda hospitali kumwona huyo mama. Anaitwa Hamisa. Nilimpelekea uji na nikajitambulisha kwamba mimi ni mke wa dereva. Nilitegemea kufukuzwa. Paja lake limevunjika, wamemfunga chuma, na daktari amesema msimu huu asahau habari ya shamba. Mume wake, Mzee Abdi, alinipisha kwenye kiti chake yeye akasimama.

Akaniambia, "Mama, mimi nilimuuliza askari swali moja tu, kwamba huyu kijana alikuwa amelewa? Akanijibu hapana, tumempima. Basi. Angekuwa mlevi ningekwenda naye mpaka mwisho wa sheria. Lakini mtu mwenye akili zake timamu, hiyo ni ajali, imeandikwa na Mungu. Mwambie mumeo tumemsamehe, na mke wangu anamwombea dua."

Nikalia pale wodini. Walidhani nalia kwa ajili ya mguu.

Yordani, mimi ndiye niliyekukanda bega Jumapili ile. Ulikuwa na alama ya mkanda wa gari, nyekundu, imeshuka kutoka bega la kushoto kuja kifuani. Nimeketi kwenye magari ya kutosha. Dereva wa nchi hii anakaa kulia, na mkanda wake unampitia bega la kulia. Anayefungwa begani kushoto ni abiria.

Sitaki hadithi ndefu. Nani alikuwa anaendesha?

Yusta


Korogwe
26 Oktoba 2024

Mke wangu,

Alikuwa Awadhi.

Mechi ilipoisha alikunywa na wenzake, kisha akachukua funguo zake kutoka kwenye beseni nikiwa bafuni. Nikamkuta ameshawasha gari. Nikamwambia shuka, niachie usukani. Akacheka: "Kapteni, unakwenda Handeni, mimi nakwenda Handeni. Panda twende, au ubaki na beseni lako." Nikafikiria Rosa anayesubiri. Nikafikiria pia kwamba nikiwa pembeni yake nitamzuia asikimbize. Nikapanda. Huo ndio ujinga wangu wa kwanza.

Mpaka tunapita vijiji vya mwanzo aliendesha vizuri, hata nikaanza kutulia. Karibu na Misima nikaona kichwa chake kinainama kwa usingizi. Nikaushika usukani, lakini nilichelewa. Tulimgonga yule mama kwa ubavu wa gari, tukaishia kwenye kichaka. Awadhi alikuwa ameulalia usukani, kichwa kimepasuka kidogo. Nikamsogeza nyuma. Watu walipofika wakauliza dereva nani, nikasema mimi.

Sikupanga, Yusta. Neno lilitoka lenyewe. Nilimfikiria mama yake kule Dindira, na ile timu ya Dar. Nikaifikiria pia kazi yetu ya beseni, kwamba watu wakisikia mchezaji wetu amegonga mtu akiwa amelewa, na nahodha wa kampeni amekaa pembeni yake, tutachekwa nchi nzima. Mimi nina miaka thelathini na tatu, magoti yangu yanalia nikipanda ngazi. Kosa la uzembe barabarani kwa mtu ambaye hajalewa ni faini na onyo. Nilidhani naweza kulibeba.

Kuna jambo jingine. Awadhi hakumbuki. Alizinduka kituoni akaniuliza nini kimetokea, nikamwambia nilikuwa naendesha mimi. Mpaka leo anaamini hivyo. Msimu ukiisha nitamkalisha chini nimwambie kila kitu.

Naomba unielewe, na naomba liishie kwetu.

Yordani


Chanika, Handeni
29 Oktoba 2024

Yordani,

Nimekuelewa vizuri sana, na ndiyo maana sijalala.

Unasema umembeba Awadhi. Hujambeba, umemfunika shuka aendelee kulala. Mtu aliyemvunja mama wa watu paja anaamka asubuhi, anafanya mazoezi, anakula wali, hajui. Na wewe ndiye uliyehakikisha hajui. Halafu unaniambia unamsubiri msimu uishe. Huyo anasubiri msimu kunywa tena?

Kila mahali umejifikiria kama mtu mwema, na hapo ndipo unaponichosha. Ulipopanda lile gari ulikuwa unamlinda, uliposema uongo ulikuwa unamwokoa, na hata kukaa kimya kwako unasema ni kwa ajili ya kampeni. Katika barua yako yote, Mama Hamisa umemtaja mara moja, kwamba mlimgonga kwa ubavu wa gari.

Mzee Abdi amesamehe kwa sababu moja tu, na sababu hiyo ni uongo wako. Msamaha wa namna hiyo umeupata kwa ujanja. Nimekwenda hospitali tena leo. Mama Hamisa amenishika mkono akaniuliza magoti yako yanaendeleaje, maana nilimwambia unaumwa magoti. Mimi nikajibu, "Anaendelea vizuri, dada." Umenifanya na mimi niwe mwongo mbele ya mgonjwa.

Sitakwenda polisi kwa niaba yako, hilo ni lako. Ila usije nyumbani kabla hujalimaliza. Rosa nitamwambia una mechi. Uongo mmoja zaidi, utakaa pamoja na mingine.

Yusta


Korogwe
4 Novemba 2024

Kwako shemeji Yusta,

Shikamoo shemeji. Mimi ni mdogo wako Awadhi, namba tisa wa Lwengera United. Najua si kawaida yangu kuandika barua, ila kapteni kasema wewe na yeye siku hizi mnaandikiana, nikaona na mimi nipite humo humo.

Shemeji, naomba uongee na kapteni. Tangu ile ajali amebadilika. Hacheki, hapigi stori, mazoezini anadaka mipira kama anagombana nayo. Kwangu ndio kabisa. Juzi tumeshinda, nikanywa kidogo na washikaji, nikachukua gari langu, limeshatengenezwa, kwenda geto kwangu. Akanifuata mpaka mlangoni, akanivuta shati mbele za watu. Nikamwambia ukweli tu, kwa heshima zote. Nikamwambia, "Kapteni, mimi naendesha na pombe zangu tangu nimepata leseni, sijawahi kugusa hata kuku. Wewe mkavu kabisa, hujaonja kitu, umemvunja mama wa watu mguu. Sasa hapo tatizo ni pombe au ni dereva?" Wana wote walicheka. Yeye akaondoka.

Sikumwambia kwa ubaya. Kila mtu siku hizi anasema hivyo. Beseni lenyewe limebaki tupu, watu wanasema kama kugonga mtu hata asiyekunywa anagonga, kuna haja gani ya kuacha funguo?

Kuhusu yule mama wa Misima, naumia naye. Kondakta wa basi anayekuletea barua hii atakupa kanga doti moja, nimenunua mimi. Naomba umpelekee, umwambie ni kutoka kwa mtu aliyekuwepo kwenye gari, anamtakia afya njema. Usitaje jina, isije ikaonekana najionyesha.

Nakuheshimu sana shemeji. Msalimie Rosa.

Awadhi


Chanika, Handeni
6 Novemba 2024

Yordani,

Naambatanisha barua ya mdogo wako, uisome mwenyewe. Usiruke ile sehemu ya kuku.

Kanga nimeirudisha kwa kondakta huyo huyo. Siwezi kumfunika yule mama kwa kanga ile akiwa hajui imetoka kwa nani na kwa nini.

Uliogopa kampeni yenu itachekwa. Sasa inachekwa, na sababu ni wewe. Umewafundisha vijana wote wa timu kwamba pombe haina neno, kwa sababu nahodha wao anagonga watu akiwa hajanywa.

Sina la kuongeza. Nimechoka kukuandikia jambo lile lile kwa maneno tofauti.

Yusta


Korogwe
18 Novemba 2024

Mama Rosa,

Nimekaa kimya kwa sababu sikutaka kukuandikia ahadi nyingine.

Siku niliyopata barua yako nilimwita Awadhi chumbani kwangu, asubuhi, akiwa hajanywa. Nikamweleza yote tangu uwanjani. Alicheka mwanzoni, akidhani natunga ili kumtisha. Nilipomwambia lile kovu la kichwani limetokana na usukani, akalishika. Akakaa kitako sakafuni.

Akasema, "Mbona uliniambia ni wewe?"

Nikamwambia, "Nilikuwa nakulinda."

"Kapteni, nimekucheka mbele za watu. Uliniacha nikucheke."

Nikamwambia twende kituoni pamoja. Akakataa. Akasema, "Siwezi kukubali kitu nisichokikumbuka." Akatoka, akazima simu. Baadaye nikasikia yuko Dindira kwa mama yake.

Basi nikaja Handeni peke yangu, nikaenda kituoni moja kwa moja. Sikupita nyumbani, ulinikataza. Nikamweleza ukweli askari aliyeandika maelezo ya kwanza. Akasema, "Ulevi wa mwenzako wa siku ile umeshayeyuka. Sitaupima tena mimi wala mtu mwingine. Hiyo ndiyo kazi uliyomfanyia." Nimefunguliwa shauri la kutoa taarifa za uongo. Nimedhaminiwa na mchungaji wetu.

Siku chache baadaye Awadhi akafika pale kituoni na mama yake. Niliitwa, nikawakuta. Mama yule ni mdogo wa umbo, amevaa buti za shamba, matope ya kule juu bado hayajakauka. Askari akamuuliza Awadhi kama anakubali kwamba alikuwa anaendesha. Awadhi akajibu kwamba hakumbuki. Mama yake akasema, "Yeye hakumbuki, lakini mimi ninamjua. Andikeni." Awadhi akainamisha kichwa, akatia sahihi. Kwa kuwa kipimo hakipo, ameshtakiwa kwa kuendesha kwa uzembe tu, na leseni imechukuliwa.

Mzee Semboja ametusimamisha wote wawili, unahodha nimevuliwa. Watu wa Dar hawapokei simu za Awadhi. Bango la uwanjani wamelifuta kwa chokaa. Beseni liko chumbani kwangu, sijui nilifanyie nini.

Jana nimekwenda Misima. Wameshamrudisha Mama Hamisa nyumbani, analala kitanda cha kamba barazani ili aone watu wakipita. Nilisimama, sikutaka kuketi. Nikawaambia wote wawili, yeye na Mzee Abdi. Mzee Abdi aliingia ndani akafunga mlango, na hakutoka tena mpaka ninaondoka.

Mama Hamisa akaniuliza, "Mlipotoka barabarani, kabla hujanijia, ulikuwa unafanya nini?"

Yusta, hili hata wewe sikukuandikia sawasawa. Nilikuandikia kwamba nilimsogeza Awadhi, kama jambo la kupita tu. Sikukwambia kwamba nilimhamisha kwanza. Nilifungua mlango, nikamtoa chini ya usukani, nikamburuta mpaka kiti cha nyuma, nikafunga mlango. Ndipo nikamwendea yule mama. Kwa hiyo neno halikutoka lenyewe kama nilivyokudanganya. Mikono yangu ilikuwa imeshaamua.

Nikamwambia hivyo hivyo.

Akasema, "Nilikuwa naita. Nikasikia mlango wa gari unafungwa, nikajua mnaondoka, mnaniacha. Nikapiga shahada. Tangu siku ile, mlango wowote ukifungwa nashtuka, na sikujua kwa nini nashtuka wakati nimeshasamehe."

Akaendelea, taratibu kabisa, kama anayempangia mtoto kazi: "La yule mlevi ni lake na Mungu wake, na mama yake ameshamleta. Wewe ulikuwa na akili zako. Lako nitalisamehe, mwanangu, lakini si leo. Nenda."

Nikaenda.

Sikuombi chochote. Nimekuandikia ili ujue limeisha kwa upande wangu, kama linaweza kuisha.

Yordani


Chanika, Handeni
20 Novemba 2024

Baba Rosa,

Nimesoma. Nimekasirika upya, hasa pale mlangoni. Nitaendelea kukasirika kwa muda, na usiniharakishe.

Asubuhi nilikwenda Misima na jembe. Mvua za vuli zimenyesha, na shamba la watu wale limesimama na majani matupu, Mzee Abdi peke yake haliwezi. Hakunisalimu. Nikaanza mstari wa mwisho, yeye alikuwa mstari wa kwanza. Jua lilipokuwa kali akanisogezea kibuyu cha maji, akakiweka chini, hakukileta mkononi. Nikanywa. Nilipokuwa naondoka akasema, "Kesho anza upande wa bondeni, huko ndiko kunazidiwa."

Shamba ni kubwa na mimi nina nguo za watu za kushona. Sasa huna mechi, huna unahodha, huna mtu wa kumrudisha kwake.

Njoo. Na safari hii uje na basi.

Yusta